Bastola Kongwe ya .22 Inakwama? Mwongozo Kamili wa Kuichagulia Risasi

Malalamiko ni yale yale. Bastola ya shabaha ya .22, ya zamani, imetulia vizuri mkononi, ila haimalizi magazini bila kukwama. Mwenyewe keshajaribu risasi aina tano au sita. Ya polepole haikuisukuma slaidi hadi mwisho, akapanda kwenye ya kasi. Ya kasi ikaenda vizuri siku mbili, kisha ikaanza kukwama kwa namna nyingine. Sasa ana maboksi yaliyobaki nusunusu na hajui tatizo liko wapi.

Mara nyingi tatizo haliko kwenye boksi. Watu wanapima risasi kwenye bastola ambayo haijathibitishwa kuwa nzima, tena wanabadilisha vitu vitatu kwa mpigo. Hapa tutakwenda kwa mpangilio mmoja: bastola kwanza, risasi baadaye, na kila mara kitu kimoja tu kinabadilika.

Tuelewane maneno kabla ya kuanza. Humu "risasi" ni kitu kizima unachokipakia. "Kichwa" ni kile kinachoruka kwenda kwenye shabaha. "Ganda" ni shaba inayobaki. "Slaidi" ni kipande cha juu kinachorudi nyuma kila ukifyatua, "fremu" ni mwili wa bastola unaokibeba, na "chemba" ni tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi. "Fataki" ni kemikali inayowaka inapogongwa, kwenye.22 imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, ndiyo maana pini hugonga pembeni na si katikati.

## Vitu vya kuandaa

- Bastola, na magazini zote ulizonazo, kila moja ikiwa na namba uliyoiandika mwenyewe
- Kitabu cha maelekezo cha bastola hiyo, au nakala yake
- Miwani ya kinga na vizuia sauti vya masikioni
- Fimbo ya kusafishia, brashi ya shaba ya .22, vitambaa, dawa ya kusafishia na mafuta mepesi ya bunduki
- Springi mpya ya slaidi iliyotengenezwa kwa modeli yako
- Kijiti cha mbao au cha plastiki cha kutolea ganda lililokwama
- Mfuko wa mchanga wa kuegeshea mikono
- Daftari na kalamu
- Boksi moja moja la risasi za aina tatu au nne (tutazichagua Hatua ya 3, usinunue sasa)

Majaribio yote yafanyike kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, na idadi ya risasi unazonunua isizidi kibali chako.

## Hatua ya 1: Soma maandishi ya bastola yenyewe

Tafuta maandishi ya kipimo kwenye mtutu au kwenye slaidi. Unatafuta "22 Long Rifle", "22 LR" au "22 L.R.". Ukikuta "22 Short", simama hapo. Zamani bastola nyingi za mashindano ya kufyatua haraka zilitengenezewa Short, risasi iliyo fupi zaidi, na Long Rifle haina nafasi kwenye chemba hiyo. Usilazimishe.

Halafu fungua kitabu utafute mwendo wa risasi ambao mtengenezaji aliukusudia: wa kawaida au wa kasi (namba ziko Hatua ya 3). Hili watu hulipita haraka kuliko jambo lolote, na ndilo linalopasua fremu. Bastola nyingi za aina hii hazina kufuli linaloshika slaidi wakati wa kufyatua. Kinachoizuia ni uzito wake pamoja na springi, basi. Risasi yenye nguvu zaidi huirusha nyuma kwa kishindo, na kishindo hicho hupokelewa na fremu, kila mara, maelfu ya mara.

Mifano miwili. High Standard za mashindano zilikusudiwa risasi za mwendo wa kawaida, na fremu zilizopasuka kwa kulishwa risasi za kasi si jambo geni kwa mafundi. Colt Woodsman za kabla ya 1932 nazo ni za mwendo wa kawaida tu. Zilizofuata ziliimarishwa sehemu ya nyuma inayobeba springi ya nyundo. Kwa upande mwingine, Ruger Standard na Mark I huzivumilia za kasi bila shida. Kwa hiyo "rafiki yangu anatumia na haijamletea tabu" si ushahidi mpaka ujue bastola yake ni ipi.

Huna kitabu wala fundi wa kumuuliza? Chukulia kwamba bastola yako ni ya mwendo wa kawaida. Ukikosea upande huo, hasara ni ganda kukwama. Ukikosea upande wa pili, hasara ni fremu.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kuandika mstari mmoja juu ya ukurasa wa daftari, kwa mfano "22 LR, mwendo wa kawaida tu".

## Hatua ya 2: Thibitisha kwamba bastola ni nzima

Hapa ndipo utatumia muda mwingi, na hapa ndipo matatizo mengi huisha kabla hujanunua boksi hata moja. Toa magazini, fungua slaidi, tazama chemba kwa macho na uiguse kwa kidole kuhakikisha hakuna risasi. Risasi zote ziwe chumba kingine au mbali na meza.

Chemba. Vichwa vya .22 vimepakwa nta au grisi kwa nje. Nta hiyo, masizi na chembe za madini ya risasi hujijenga mbele ya chemba na kufanya pete nyeusi. Mulika tochi kutokea nyuma ya mtutu: chemba safi inang'aa kwa rangi moja, chafu ina mstari mweusi wa duara pale ganda linapoishia. Pete hiyo huizuia risasi kuingia yote. Pini ikigonga, nguvu yake inatumika kuisukuma risasi mbele badala ya kuwasha fataki. Ukiuliza, utaambiwa risasi ni mbovu.

Lowesha brashi ya shaba kwa dawa, ipitishe kwenye chemba mara kumi huku ukiizungusha, acha dakika kumi, rudia, futa kwa kitambaa. Kwenye bastola iliyopita mikono mitatu minne, kitambaa cha kwanza hutoka na vipande vya kijivu vinavyometameta. Endelea mpaka visitoke.

Jaribio la kudondosha. Kama mtutu wa modeli yako unatoka, utenganishe na bastola. Ukiwa na mtutu peke yake, dondosha ndani ya chemba ganda tupu jipya ulilolifyatua kwenye bastola hiyo hiyo. Linapaswa kuingia kwa msukumo mdogo wa kidole na kutoka bila kung'ang'ania. Likishika mahali pamoja, tazama mdomo wa chemba mahali pini inapogonga. Bastola ya .22 ikifyatuliwa tupu mara nyingi, pini hupiga chuma cha chemba na kuacha kidonda kidogo chenye kinundu. Kinundu hicho ni kazi ya fundi wa silaha mwenye kifaa chake. Usikikwangue kwa tupa.

Springi ya slaidi. Badilisha, hata kama ya zamani inaonekana nzima. Springi iliyochoka huiacha slaidi igonge nyuma kwa nguvu na kurudi mbele bila nguvu ya kusukuma risasi. Na kuna mtego mwingine: mwenye bastola wa zamani huenda aliweka springi ngumu ili atumie risasi za kasi. Bastola hiyo itazikataa za kawaida kila siku, na wewe utazilaumu risasi.

Pini na njia yake. Nta na masizi hujaza tundu la pini. Safisha, kausha, usiache mafuta ndani. Mafuta hushika uchafu.

Ndoano inayovuta ganda. Ncha yake iwe kali na chini yake pasiwe na uchafu. Ikiwa imeviringika kwa kutumika, badilisha.

Magazini. Midomo ya juu ndiyo inayoamua pembe ambayo risasi inaingilia kwenye chemba. Ilinganishe magazini zako kwa kuzisimamisha pamoja. Iliyopanuka au kupinda utaiona. Usijaribu kuikunja kwa koleo kwa kukisia. Weka alama na uiache nje ya majaribio.

Umefanikiwa ikiwa: chemba haina pete, slaidi inarudi mbele kwa mlio mmoja mkali, na una magazini angalau mbili usizozitilia shaka.

## Hatua ya 3: Chagua wagombea wachache

Anza na sifa hizi tatu: kichwa cha greni 40 (gramu 2.6), cha madini ya risasi yasiyofunikwa, chenye pua ya duara; na mwendo wa kawaida, yaani kama futi 1,070 kwa sekunde. Kwenye boksi imeandikwa "Standard Velocity", au utakuta neno "Pistol" au "Target".

Kila sifa ina sababu. Greni 40 ndio uzito ambao bastola nyingi kongwe zilirekebishiwa. Pua ya duara hupanda kwenye chemba bila kujikwaa, wakati bapa au yenye tundu huweza kugonga ukingo wa chini. Mwendo wa kawaida unabaki chini ya mwendo wa sauti, na unaisukuma slaidi kwa kiasi ilichozoea. Na ukipiga mashindano ya mita 25 chini ya kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya shabaha, vichwa lazima viwe vya madini ya risasi au kitu laini kama hicho; vilivyovikwa koti la metali haviruhusiwi.

Majina ya kuanzia: CCI Standard Velocity, SK Standard Plus, SK Pistol Match, Aguila Standard Velocity, Eley Sport. Sisemi ipi ni bora. Bastola mbili za modeli moja, zenye namba zinazofuatana, zinaweza kupenda risasi tofauti. Chukua tatu au nne zinazopatikana kwa uhakika unakoishi. Risasi tamu usiyoweza kuipata tena haikusaidii.

Na hizi ziache rafuni:

Za kasi kupita kiasi. CCI Stinger, kwa mfano, inakwenda futi 1,640 kwa sekunde, na ganda lake ni refu kuliko la kawaida, jambo linaloifanya isifae kabisa kwenye chemba finyu za mashindano.

Za kimya. CCI Quiet-22 ni ya futi 710 kwa sekunde. Kwenye bastola inayojipakia yenyewe haina nguvu ya kurudisha slaidi.

Zilizochanganywa kwenye ndoo au mfuko bila mpangilio. Vichwa vyake hugongana, vikachubuka na kulegea.

## Hatua ya 4: Kagua boksi kabla ya kupakia

Mwaga risasi kumi kwenye kitambaa cheupe. Shika kichwa kwa vidole viwili, ganda kwa vingine viwili, uzungushe taratibu. Kichwa kikizunguka au kikicheza, weka kando. Tazama ukingo: uwe bapa na sawa pande zote. Ganda lenye kutu ya kijani, ufa au mbonyeo haliingii kwenye bastola.

Nta kidogo kwenye kichwa ni sawa, usiifute. Mafuta usiyaongeze.

Nakili namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi, kwa kawaida kwenye kikunjo cha ndani au upande mmoja. Utaihitaji mwishoni.

## Hatua ya 5: Moja, mbili, tano

Risasi za kwanza za kila aina zipakie hivi, bila kuruka.

Pakia moja. Fyatua. Ganda litoke, na kama modeli yako ina kishikio, slaidi ibaki wazi.

Pakia mbili. Fyatua moja, ondoa kidole, tazama. Bastola kongwe iliyochakaa sehemu za kifyatulio inaweza kupiga mbili kwa mbonyezo mmoja, na ni afadhali ugundue hilo ukiwa na risasi mbili kuliko kumi. Ikitokea hata mara moja, siku hiyo imekwisha. Bastola iende kwa fundi.

Kisha pakia tano na uendelee hadi boksi liishe. Risasi kumi hadi ishirini za kwanza usizihesabu kwa usahihi, kwa sababu mtutu bado una nta ya aina uliyotoka kuitumia. Kukwama kwake, hata hivyo, kuandike.

Mambo matatu ya usalama, na ninayaandika kwa uzito wote:

1. Ukifyatua isilie, iache bastola imeelekea shabaha na usubiri sekunde 30 nzima kabla ya kufungua. Fataki inaweza kuchelewa.
2. Ukisikia mlio hafifu kuliko kawaida, usifyatue tena. Kichwa huenda kimebaki ndani ya mtutu. Toa magazini na risasi, fungua, angalia mtutu kwa fimbo.
3. Risasi nzima ikikwama nusu, usiisukume kwa slaidi. Fataki iko kwenye ukingo, na ukingo ukibanwa na chuma unaweza kuwaka slaidi ikiwa wazi, mbele ya uso wako. Toa magazini, tumia kijiti cha mbao. Iking'ang'ania ndani ya chemba, mwite msimamizi wa uwanja.

## Hatua ya 6: Soma ganda, usikisie

Kila tatizo andika papo hapo. Si "imekwama tena". Andika hivi: "Magazini 2, risasi ya 3, ganda limesimama dohani." Baada ya mistari kumi ya namna hiyo, mchoro unajitokeza wenyewe.

Ganda limesimama wima katikati ya slaidi, kama dohani. Slaidi haikurudi nyuma vya kutosha, au ndoano imeliachia mapema. Angalia maganda mengine yanaangukia wapi. Yakidondoka juu ya mkono wako, nguvu ni ndogo: springi ngumu, uchafu, au risasi dhaifu. Yakiruka vizuri na moja moja tu linasimama, shuku ndoano.

Kichwa kimechubuka upande mmoja, kina kovu la mwezi mwandamo. Risasi inagonga mdomo wa chemba. Ikitokea kwenye magazini moja tu, ni magazini. Ikitokea kwa zote lakini kwa aina moja tu ya risasi, ni umbo la pua.

Pini imegonga lakini haikulia. Hapa kuna kipimo kizuri. Baada ya zile sekunde 30, toa risasi na utazame alama. Alama ya haki ni ya kina, imekata upana wa ukingo. Ikiwa hafifu, tatizo ni la bastola: pini, springi yake, au pete ya chemba imerudi. Ikiwa ya kina, zungusha risasi nusu duara, ipakie tena na ufyatue. Ikilia mara ya pili, fataki haikuenea ukingoni kote, na hilo ni kosa la risasi. Isipolia, iweke kwenye chombo cha risasi mbovu cha uwanja.

Maganda yanaruka mbali sana na slaidi inagonga kwa nguvu. Risasi ni kali mno, au springi mpya si ya modeli yako. Acha kabla hujamaliza boksi.

Umefanikiwa ikiwa: angalau aina mbili zimemaliza risasi 50 bila tatizo ambalo hukuweza kulieleza.

## Hatua ya 7: Usahihi, kwa hizo zilizobaki tu

Aina iliyoshindwa Hatua ya 6 usiipime usahihi, hata kama matundu yake yalikuwa yamebanana. Utashawishika kuisamehe.

Egesha mikono juu ya mfuko wa mchanga, umbali wa mita 25. Mikono ndiyo iegemee. Mtutu usiguse kitu. Piga makundi matatu ya risasi kumi kumi kwa kila aina, karatasi mpya kila kundi. Pima kutoka tundu la mbali hadi la mbali.

Duara la 10 kwenye shabaha ya utulivu ya mita 25 lina kipenyo cha milimita 50. Risasi inayofaa iweke kundi lote ndani ya hapo kwa uwazi, ukiwa umeegesha. Mimi hutafuta milimita 35 au chini, kwa makundi yote matatu. Kundi moja zuri sana kati ya mawili mabaya ni bahati.

Tofauti ya milimita tatu nne kati ya aina mbili isikusumbue. Chukua ile iliyokwama mara chache kuliko nyingine.

## Hatua ya 8: Risasi 300 za mwisho

Watu wengi hukoma kwenye boksi moja la 50 na kutangaza ushindi. Hesabu haiwaungi mkono. Ukipiga risasi 50 bila kukwama, bado inawezekana kabisa kwamba kiwango halisi cha kukwama ni hadi 6 kwa kila 100. Kanuni ni rahisi: gawanya 3 kwa idadi uliyopiga bila kosa. Ukifika 300 bila kosa, kiwango cha juu kinachowezekana kinashuka hadi karibu 1 kwa 100.

Hata hiyo 1 kwa 100 si ndogo. Kwenye mashindano ya risasi 60, inakupa nafasi ya karibu asilimia 45 ya kukwama angalau mara moja.

Kwa hiyo mgombea wako mmoja apigwe 300, akitumia magazini zako zote nzuri, kwa siku mbili au tatu, bila kusafisha chemba katikati. Usisafishe kwa makusudi: unataka kujua pete inaanza kuleta shida kwenye risasi ya ngapi. Ikianza kusita kwenye ya 220, umepata ratiba yako, safisha kila 150. Ikiwezekana, siku moja iwe ya baridi, kwa kuwa nta hukaza na mwendo hupungua kidogo.

Fataki moja iliyogoma kati ya 300, ikalia ulipoizungusha, naikubali. Mbili, narudi kwa mgombea wa pili.

## Hatua ya 9: Nunua toleo lile lile, na ulitunze

Rudi dukani na namba ya toleo uliyoiandika. Jina likiwa lile lile na namba tofauti, risasi zinaweza kuwa tofauti kidogo katika unene wa ukingo, nta au baruti, na bastola kongwe hulihisi hilo mapema. Nunua za toleo lako kwa kiasi kibali chako kinachoruhusu.

Ziweke mahali pakavu na baridi, kwenye maboksi yake, chini ya kufuli, mbali na watoto. Usiziache ndani ya gari juani. Nta huyeyuka, ikatiririka kwenye ganda na kurudi kwenye chemba yako kama gundi. Baada ya kupiga, nawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula, kwa sababu vumbi la madini ya risasi ni sumu.

Toleo likikaribia kuisha, usisubiri boksi la mwisho. Nunua boksi moja la toleo jipya, lipitishe Hatua ya 4 hadi ya 6 wakati bado una la zamani la kulinganisha nalo.